Mashine Tatu na Wakwe Wawili

Baridi ya asubuhi ya Bura ya milimani haina adabu, inakuingia hata kabla hujapata mkono wa shati. Nilipokuwa kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaanza kujitangaza, nilipewa kazi ya mfereji. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu, ama yenyewe iliniacha mimi, hilo tuliache. Maji yalikuwa yakitoka juu msituni na kushuka kwa zamu, leo shamba hili kesho lile, na kwa sababu mlima umejikunja na mtu wa juu hamwoni wa chini, waliwekwa watu wa kupokezana sauti. Mimi nilikuwa wa katikati. Wa juu akiita kwamba yanakuja, nami nageuka nawatupia wa chini kwamba yanakuja, basi wao wanafungua midomo ya mashamba yao na kabichi zinakunywa. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu, kuyapokea maneno na kuyatuma bila kuyatia chumvi. Niliifanya vizuri na sioni haya kusema hivyo. Sauti ninayo mpaka leo.

Sasa iko asubuhi moja ya ukungu, ukungu ule wa kuukata kwa panga, mtu wa chini akafanya mzaha. Badala ya kuyapeleka maneno chini akayarudisha kwangu. Mimi nikasikia "yanakuja", sikuona yametoka upande gani, nikayatupa juu. Wa juu naye akadhani ni habari mpya, akayarudisha. Basi neno moja lilizunguka mlima mzima, linapanda linashuka, kila mtu anaita kwa bidii na hakuna anayefungua kitu, na maji yenyewe yakapita chini ya miguu yetu yakaenda kumwagika bondeni. Tulitukanwa siku ile mpaka na akina mama waliokuwa wakienda misa.

Miaka mingi ikapita, mingine ya maana na mingine ya kujaza tu, na mimi nikawa mzee anayeitwa mzee hata na wazee wenzake. Baridi ile nilidhani nimeiacha Bura. Ikanifuata mpaka Voi. Ukimwambia mtu kwamba mimi nimetetemeka Voi, katikati ya mchana, jua limewafukuza hata mbuzi barabarani, nimevaa sweta mbili na kofia ya sufi, atakuuliza kama nilikuwa na malaria. Sikuwa na malaria. Nilikuwa nachunga mashine.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu juzi tulimzika Mama Ndunge, fundi niliyefanya naye kazi huko Voi. Mazishi yalikuwa makubwa, mahema mawili, na mkwewe Mutua alikuwa mbele kabisa kwenye jeneza, bega la kulia. Walipomaliza kurudisha udongo alinifuata nilipokuwa nimekaa na sahani yangu, akanishika mkono kwa mikono miwili, mvi zimeshamwingia masikioni. Akaniuliza jambo ambalo naona alikuwa amelikalia tangu siku zile. "Mzee Righa, siku ile ulienda wapi? Tuligeuka hatukukuona. Tulikukosea?" Nikamwambia asubiri nimalize nyama. Kisha wakamwita akashukuru watu, na mimi gari la kwetu likawa linaondoka, na swali lake likabaki pale kwenye kiti cha plastiki. Kwa hivyo namjibu hapa, na ninyi wengine mkisikiliza si vibaya.

Ile nyumba ya mashine ilikuwa stoo ya mbegu za mahindi, kule Kaloleni ya Voi, na mimi nilikuwa mlinzi wake wa mchana. Umoja wa zahanati za milimani ulipoinunua ukaziba madirisha kwa matofali, ukaweka mitambo ya kupuliza baridi, ukaingiza kabati refu jeusi lenye mashine tatu, na mimi nikaachwa mahali pangu kama mlango ulivyoachwa. Nikapewa kazi ya kufagia vumbi lile jekundu, kuangalia jenereta, kushika funguo, na kuhakikisha hakuna anayeingia na viatu. Vumbi la Voi ni adui wa kila kitu, lakini adui mkubwa wa mashine. Mle ndani mlikuwa na mvumo usiokatika, kama posho mill inayosaga jirani na mlango umefungwa. Siku za kwanza uliniumiza kichwa, baadaye nikawa nisipousikia nyumbani sipati usingizi.

Mkubwa wetu alikuwa Madam Wakesho, nesi wa zamani aliyefanywa mkurugenzi, mwanamke wa maneno machache na chai nyingi. Habari za mashine nilizipata kwa kumsikia akizungumza na wageni, kwa sababu mtu akikuona na fagio huwa anaendelea kusema. Alikuwa akiwaeleza kwamba majina na magonjwa ya watu wa milimani yote yalikuwa yamewekwa Nairobi, na njia ya kwenda Nairobi ikikatika, mama anafika zahanati na mimba ya shida na nesi hawezi kujua alipasuliwa mwaka gani wala damu yake ni ya aina gani. Ndiyo maana walitaka mashine zao wenyewe, hapa chini ya mlima, zinazoweza kuzungumza na zahanati kwa mnara wa mawasiliano hata Nairobi ikilala. Wenyewe waliziita wingu la nyumbani. Lakini wakubwa wa umoja walikuwa wamegawanyika. Wako waliosema Voi hakuna watu wa kazi hiyo. Nikamsikia Madam akimwambia mmoja wao kwa sauti ya mtu aliyekubali kupigwa kofi, "Sawa. Siku ya kufungua, zahanati ya juu isipomwona mgonjwa wake kutoka hapa, chukueni mashine mzipeleke huko mnakotaka." Nikaendelea kufagia mahali nilipokuwa nimeshafagia.

Watu wa kazi hiyo walikuwa wawili. Wa kwanza ni Mama Ndunge, Mkamba wa Voi siku nyingi, mjane aliyerithi duka la vifaa vya stima la mumewe na akarithi pia mikono yake. Alikuwa anapitisha kebo kwenye dari kama mwingine anavyosuka kiondo, na kila alichopitisha kilikuwa kimenyooka, kimefungwa, kina rangi yake. Wa pili ni Mutua, kijana wa kompyuta kutoka upande wa Mtito, aliyekuwa ameacha kazi mahali pakubwa ili arudi karibu na mkewe. Na mkewe, hapo ndipo hadithi ilipo, alikuwa Ndunge mwenyewe. Madam aliwaajiri kila mmoja kwa wakati wake, bila kujua kwamba ameajiri mkwe na mama mkwe. Wakamba wana kitu wanakiita nthoni. Mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, hakai naye chumba kimoja, hamsemeshi hivi hivi, hali mbele yake. Wengi siku hizi wamelegeza, wenye haraka wameacha kabisa, lakini hawa wawili walikuwa wameishika yote kama walivyoikuta. Wenyewe wana njia ya kuiondoa, mkwe anapeleka kitu, blanketi, wazee wanakaa. Mutua alikuwa bado hajapeleka.

Basi ikawa Mama Ndunge ni wa asubuhi na Mutua ni wa mchana. Mimi nilikuwa na kitambaa chekundu cha kufutia vumbi. Mama akiwa ndani nakifunga kwenye kitasa cha mlango. Mutua akifika akikiona anazunguka nyuma, anakaa kwenye kivuli cha jenereta mpaka nikitoe. Siku moja upepo ulikiangusha na nilimwona yule kijana, mtu mzima mwenye laptopu mgongoni, akiruka ukuta wa jirani kwa sababu alisikia mama mkwe akikohoa. Jirani alinijia kuuliza kama tunafuga wezi. Na maneno yao yalipitia kwangu, yanatoka kwa mmoja yanaenda kwa mwingine, nami katikati tena. Mama alikuwa hamtaji jina. "Mwambie mume wa Ndunge mitambo ya baridi ile ya kushoto inatoa maji." Nangoja mchana, namwambia. "Mwambie mama asante, nimeona." Nangoja asubuhi, nampelekea mama asante yake, imelala usiku mzima lakini bado nzima.

Chakula ndicho kilichokuwa hakipitii mdomoni mwangu. Mama Ndunge alikuwa akija na isyo kwenye bakuli la mfuniko, mahindi na maharagwe yaliyoiva sawasawa, anakula nusu, anafunika nusu, anaiacha mezani bila kusema ni ya nani. Mutua akija anaila yote, anaosha bakuli, na hakulirudisha tupu hata siku moja. Utakuta machungwa mawili, au sukari, au siku ile Ndunge alipojifungua, kitambaa kidogo cheupe cha mtoto, kimekunjwa mara nne. Mama alikifungua, akakinusa, akakaa kwenye ndoo yangu ya kupigia deki kwa muda mrefu. Kisha akanionya kwamba nikimwambia mtu amelia atanifungia kwenye kabati na mashine.

Mutua ndiye aliyenifundisha mle ndani mna nini. Alikuwa na subira, na mimi sina aibu ya kuuliza. Alisema mashine moja uione kama plot ya kupangisha hapa Kaloleni, ukuta mmoja, geti moja, ndani vyumba kumi. Kila chumba kina mpangaji, na mpangaji anadhani hiyo nyumba ni yake peke yake. Mpangaji ni kompyuta kamili isiyo na mwili. Mmoja anashika habari za wagonjwa, mwingine dawa, mwingine maabara, mwingine mishahara, na yule wa mishahara hapaswi kuchungulia kwa wagonjwa. Kuwapanga wakae ni rahisi, akasema. Kazi ni kuwaweka korido. Unawatengenezea korido ndani ya mashine, ambayo haipo kwa macho, kisha hiyo korido unaiunganisha na mlango wa kweli, ule wa chuma ambapo kebo inaingia. Unampa kila mpangaji namba yake, unamwambia majirani zake ni nani na geti liko wapi. Ukikosea hapo, kila mtu yuko hai chumbani kwake na hakuna anayemsikia mwenzake. Nikamwambia plot kama hiyo nimeishi.

Mwanzoni kabisa Mutua alikuwa amenituma nimwambie mama kila mashine iwe na kebo mbili. Nikamwambia mama, mbili. Akasema sawa. Asubuhi zilizofuata akavuta mbili kwa kila mashine, moja ya buluu na moja ya njano, zikapita darini mpaka kwenye korido ya nyumba, kwenye kabati la ukutani alilolifunga mwenyewe na kuliwekea kufuli lake. Humo ndimo mlimokuwa na visanduku vya matundu ambamo kebo zote zinakutana. Kabati hilo tulikuwa tukiliita kabati la mama. Ufunguo alinipa mimi, ukatundikwa msumarini pamoja na zile nyingine. Baadaye mafundi wa mnara walikuja wakaongeza kisanduku chao humo humo, wakaondoka.

Mutua alijenga korido zake kwa majuma, mpangaji mmoja baada ya mwingine, kwa kebo ya buluu tu. Nilikuwa nikimwona usoni kazi ikienda vizuri, kwa sababu alikuwa akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Wapangaji walisemezana. Wa mashine ya kwanza aliitika wa mashine ya tatu. Ikabaki njia ya mnara, ya kuwafikisha milimani. Akaniambia leo naunganisha mlango wa pili kwenye korido, ule wa kebo ya njano, kisha zahanati zitatuona. Akagonga herufi zake. Mvumo ukabadilika. Taa ndogo za mashine, ambazo kawaida hukonyeza kila moja kwa wakati wake kama watu sokoni, zikaanza kuwaka na kuzima zote pamoja, haraka, kama zina wazimu. Kila mpangaji akanyamaza. Mutua akaitoa ile ya njano kwenye korido, zikatulia. Akairudisha, wazimu ukarudi. Akiitoa, hakuna mlima. Akiiweka, hakuna kitu chochote.

Alikaa na jambo hilo siku baada ya siku na mluzi ukaisha. Alibomoa korido akazijenga upya. Aliwapa wapangaji namba nyingine. Isyo ikaanza kubaki kwenye bakuli. Siku ya kufungua ilikuwa inakuja na Madam alikuwa akipita mlangoni, anatazama, haulizi, na kutouliza kwake kulikuwa kubaya kuliko kuuliza. Mimi nikachukua ufunguo wa kabati la ukutani nikamwekea mezani. Nikamwambia twende tukaone kebo zimekwenda wapi. Akaurudisha mkononi mwangu kana kwamba una moto.

"Mzee, hilo ni la mama. Nikilifungua nimemwambia kwamba kazi yake siiamini. Ni heri niingie chumbani kwake nipekue kitanda."

Nikamwambia basi nimuulize mimi kwa niaba yako. Akakataa pia. Kumuuliza mama mkwe kama amekosea ni kumwambia amekosea. Na asubuhi, nikisema kweli yote, mama naye alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa ameona taa, hakuwa kipofu. Nikamuuliza hatuwezi kumwuliza kijana shida ni nini. Akasema, "Mume wa binti yangu nimuulize kama anajua kazi? Niende wapi na huo uso?" Akafunika isyo yake akaondoka. Basi pale palikuwa na watu wawili hodari, kila mmoja anamheshimu mwenzake kwa moyo wote, na heshima hiyo ilikuwa inaenda kupeleka mashine zetu Nairobi.

Siku iliyotangulia ile ya kufungua, mchana, Mutua alikuwa ndani na kichwa mikononi. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwangu. Nikasikia ndara kwenye korido, mwendo ninaoujua. Mama Ndunge alikuwa amekuja wakati usio wake. Nikasimama mlangoni katikati, huku namwona yeye, huku namwona Mutua, na Mutua akausikia huo mwendo akaangalia pembe zote za chumba. Madirisha yalikuwa yamezibwa. Hakukuwa na ukuta wa kuruka. Akageuza kiti chake akatazama mashine. Mama naye akageukia kabati lake, wakawa wamepeana migongo, na mimi hapo kizingitini.

Mama akasema, "Mzee Righa, mwambie mume wa Ndunge..." Nikafungua mdomo. Akaniinulia mkono. "Hapana. Acha." Kisha akasema, akiwa bado ametazama kabati, "Mutua."

Jina hilo sikuwa nimewahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Mutua akaitika kwa sauti ndogo sana, "Naam, mama."

"Kebo ulitaka mbili. Mbili za nini?"

"Moja ya humu ndani, mama. Ya pili ya mnara."

"Hukusema."

"Hukuuliza, mama."

Nikashika mwimo wa mlango nikisubiri paa lianguke. Mama Ndunge akacheka, kicheko cha tumboni kilichoushinda mvumo. Akasema, "Baba Ndunge alikuwa anaweka mbili kila mahali, moja ya kazi na moja ya akiba. Na akiba ukiiacha inaning'inia panya wanaila. Mimi nimezichomeka zote kwa kisanduku kimoja." Akageuka kunitazama, mkono umefunguka. Nikaupa ule ufunguo. Nikasikia kufuli, na Mutua akasema polepole, kwa mashine, si kwa mtu, kwamba basi kila neno linatoka kwa mlango wa buluu, linaingia kisandukuni, linarudi kwa wa njano, linatoka tena. Nami pale kizingitini nikaiona Bura, ukungu, na "yanakuja" yetu inavyopanda na kushuka.

"Kisanduku cha mnara hiki hapa, kina matundu matupu," mama akasema. "Nihamishe?"

"Hamisha, mama. Zitoe zote za njano kwanza, kisha uweke moja moja. Nitakuambia."

"Nimetoa. Naweka ya kwanza."

"Ngoja. Sawa. Ya pili."

Taa zilikonyeza kila moja kwa wakati wake. Ya tatu ikaingia. Mutua akapiga simu zahanati ya juu, akaiweka ile simu isikike, na nesi wa huko akasema anaona jina, anaona kijiji, anaona hata aina ya damu ya mgonjwa. Madam Wakesho alikuwa amekuja nyuma yangu bila mimi kujua. Aliegemea ukuta wa korido na kikombe chake, akafumba macho, akanywa chai yote kwa mara moja kama dawa.

Na hao wawili hawakunyamaza. Mama alikuwa bado kwenye kabati, Mutua bado kwenye kiti, migongo ile ile, lakini maneno yalikuwa yakienda yenyewe. Mama akamuuliza kama kifua cha mtoto kimepona. Mutua akasema kimepona ila usiku bado anakohoa kidogo. Mama akamwambia ampake mafuta ya nazi yaliyopashwa, na yeye mbona siku hizi anabakiza isyo, ina chumvi? Mutua akasema haina chumvi, mama, ni mimi. Akasema pia, kwa aibu, kwamba Jumapili angependa kuja nyumbani na wazee, kuna blanketi. Mama akamjibu asilete la rangi ya kijivu, ya kijivu anayo.

Nilisimama hapo kizingitini na mdomo wangu umefungwa. Neno lilikuwa linapita kulia kwangu na lingine kushoto kwangu, na yote yalikuwa yanafika bila mimi. Hamkunikosea, Mutua. Nikatundika funguo nyingine msumarini. Nikavua sweta ya juu, kisha ya chini, nikavaa viatu vyangu. Kitambaa chekundu kilikuwa bado mfukoni, nikatoka nacho. Nje jua lilikuwa kali na zuri, likanipiga usoni nikaliacha linipige. Sauti zao niliendelea kuzisikia mpaka getini. Nikafika barabarani, nikashika upande wa milima, nikaenda, na pale sikurudi tena.